Baba Hajui Tumehama

Vumbi la kigae kinapokatwa lina harufu yake. Ni harufu ya udongo uliochomwa kisha ukamwagiwa maji, na ndani yake kuna ukali kidogo unaokufanya utake kupiga chafya. Wiki iliyopita fundi alikuwa akiweka sakafu jikoni kwangu, nami nilikuwa chumbani natafuta soksi ya pili. Mashine ikalia mara moja tu. Nilijikuta nimeketi kitandani na soksi moja mkononi, nina umri wa miaka tisa tena, namsikiliza mtu akipiga mluzi huku akikoroga simenti.

Fundi akaja mlangoni na ndoo ya mabaki. "Madam, hizi vipande nitupe ama?"

"Usitupe. Weka hapo kando."

"Lakini hazina kazi."

Nikamwambia ziko na kazi. Akanitazama vile mafundi hutazama wenye nyumba wanaojifanya wanaijua kazi kuliko wao, kisha akaenda zake kunywa chai. Sikumlaumu. Kumweleza kungetuchukua hadi jioni, na simenti ikishakorogwa haingojei hadithi. Ninyi nitawaeleza, hasa ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye ploti zenye bomba moja la maji na kamba za nguo zilizojaa sare za shule.

Baba yangu alikuwa fundi wa vigae. Alitandika sakafu za watu wa Karen, nyumba zenye vyoo vingi kuliko wakazi, na sakafu za ofisi katikati ya jiji. Asubuhi alitoka Satellite, mtaani kwetu, na pimamaji ya kupimia usawa wa sakafu kwapani, ameifunga kwa taulo kuukuu kama mtoto mchanga. Aliipenda ile pimamaji. Tukienda kwa watu kusalimia, alikuwa akiilaza juu ya meza yao kwa siri, anaangalia tone la hewa limekaa wapi, halafu ananikonyeza. Mama alikuwa akimfinya chini ya meza.

Tuliishi chumba kimoja kwenye ploti ya Shosho, bibi mmoja wa Kikuyu aliyezaliwa papo hapo wakati Satellite ilikuwa bado mashamba. Sakafu ya chumba chetu ilikuwa simenti iliyobomoka, ukifagia inazidi kutoa mchanga. Baba alimwomba Shosho ruhusa airekebishe. Kuanzia siku hiyo alirudi kila jioni na vipande mfukoni, mabaki ya kazi yake, akawa anavipanga kidogo kidogo kutoka pembe ya kitanda kuelekea mlangoni. Alitumia zaidi ya mwaka mzima. Hakuna kipande kilichofanana na mwenzake, lakini ungemwaga maji pale katikati, yangetulia tu yasijue pa kwenda.

Mimi nilivijua vyote. "Hiki kijani ni cha choo cha mzungu wa Karen," Baba aliniambia. "Usicheke. Hicho choo ni kikubwa kushinda hii nyumba." Kile cheusi kilitoka benki ya mjini, pale watu wanapopanga laini. Cheupe chenye mishipa kilitoka ofisi ya wakili. Nilikuwa nachagua pa kukaa. Leo nakulia Karen, kesho nafanyia hesabu benki. "Toka Karen uniletee sufuria," Mama alikuwa akiniita, bila kugeuka.

Na alipokuwa akipanga, Baba aliahidi. Nikimaliza hii kazi nitawapeleka Arboretum mkaone miti ya dunia nzima. Nikilipwa hii nyingine tutaenda kuona twiga. Tutapanda mashua pale bustani ya mjini. Tutaenda stesheni kuona magari-moshi ya zamani. Tutapanda lile jumba refu la mviringo hadi juu kabisa, tuone Satellite ikiwa ndogo kama biskuti. Tutaenda Ngong. Mama alikuwa akisema ahadi ya fundi haina tarehe, na Baba alicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha akaugua. Kifua kilimkamata, akawa anakohoa kama mtu anayetafuta kitu ndani, na wiki tatu zilitosha kumfanya mtu mwingine. Nakumbuka jioni moja alimwambia Mama, kwa sauti ya polepole, "Hii sakafu usiwaachie watu." Mama akamjibu, "Nitakaa hapa hapa. Niende wapi?" Nilikuwa nimeketi kwa wakili, nafanya hesabu za kugawanya. Siku chache baadaye alifariki.

Sasa, safari ya mazishi ndiyo iliyonifundisha niliyoyajua, au niliyodhani nimeyajua. Kwetu ni Kimilili, na mtu wetu akifia Nairobi hapelekwi kimya kimya. Baba Mdogo, ndugu yake Baba, alikaa karibu na jeneza njia nzima. Basi likisimama, aliinama akamwambia. "Ndugu yangu, tumefika Nakuru. Watu wanakunywa chai kidogo, halafu tunaendelea." Tulipofika Eldoret akamwambia ni Eldoret, na kwamba kuna baridi. Kabla ya daraja la mto Nzoia, dereva alisimamisha basi bila kuambiwa. Baba Mdogo akagonga jeneza kwa vidole. "Huu ni mto Nzoia. Tunavuka. Usibaki upande huu."

Nikamnong'oneza Mama, "Kwani haoni?"

"Asipoambiwa anaweza kupotea njia."

Nikalishika hilo kwa mikono miwili. Wafu wanasikia vizuri, ila njia hawaioni. Ni lazima waambiwe kila kona.

Tuliporudi Nairobi, Mama aliendelea na kazi yake ya kufanya usafi katika ofisi moja mjini, lakini mshahara mmoja ulikuwa umezoea kusaidiwa na mwingine. Haukupita muda mrefu maji yakazidi unga. Siku moja nilitoka shuleni nikakuta mkokoteni umesimama nje ya mlango wetu na kitanda kimeshapakiwa. Tulikuwa tunahamia chumba cha mabati upande wa pili wa Satellite, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sakafu huko ilikuwa udongo uliopigwa simenti nyembamba. Mama alibeba mwenyewe gunia la vipande ambavyo Baba hakuwahi kuvitumia. Mimi nilibeba pimamaji.

"Mama, Baba ataijuaje hii nyumba?"

"Shika huko mwisho wa godoro. Wacha maswali."

Lakini swali halikuniacha. Nililala nalo, nikaenda nalo shule. Baba alikuwa anajua nyumba moja tu, ile ya Shosho, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba tumehama. Nilimwona akifika kule, akikuta watu wengine wanakula juu ya sakafu yake, akiomba msamaha na kutoka. Halafu aende wapi? Satellite nzima ina mageti yanayofanana. Sisi wenye macho tulikuwa tunapotea.

Jumapili ya kwanza baada ya kuhama, tulitoka kanisani na Mama hakushika njia ya nyumbani. Alikuwa amevaa rinda lake la bluu na viatu vya kisigino. "Tunatembea," alisema. Tukaenda Arboretum. Nilikimbia kati ya miti hadi soksi zikajaa majani. Wakati wa kuondoka, Mama alisimama chini ya mti mmoja mkubwa, akafungua mkoba, akatoa kipande cha kigae. Kilikuwa cha rangi ya maziwa, kutoka kwenye gunia. Akakifuta kwa ncha ya leso, akakishika karibu kabisa na mdomo, midomo ikachezacheza. Kisha akakisukuma katikati ya mizizi, akajipangusa magoti.

"Unafanya nini?"

"Twende, mvua inakuja."

Hapakuwa na wingu hata moja. Nilifikiri safari nzima. Kwanza nilidhani anapanda, kama mtu apandavyo mbegu, lakini Mama hakuwa mjinga wa kilimo. Halafu nikadhani ni matangazo ya biashara, kwamba mtu akiokota atauliza fundi ni nani. Lakini fundi hakuwepo. Jumapili iliyofuata tulikwenda Karen, tukasimama nje ya ua tukiwatazama twiga wakila juu ya vichwa vya watalii, na Mama akafanya vile vile: leso, midomo, kisha kipande kikaingia kwenye ufa wa nguzo. Alipoinama nilimwona kama nilivyomwona Baba Mdogo pale basini. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Anamwambia Baba njia!

Furaha iliyonijaa siwezi kuisimulia. Mama alikuwa hajasahau. Alikuwa anampigia Baba alama za kumleta nyumbani, kimya kimya, labda iwe ajabu kwangu siku atakapotokea. Kitu kimoja tu kilinisumbua: alikuwa anazipiga vibaya. Arboretum na Karen? Kutoka twiga hadi kwetu kuna kona ngapi? Baba angepotelea Dagoretti kabla hajafika popote. Nilimhurumia Mama. Huzuni, niliwaza, imemfanya asijue kupanga.

Basi nikaamua kumsaidia. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka pale kwa twiga. "Mama, nimeangusha kibanio cha nywele!" Nikarudi mbio, nikakitoa kile kipande kwenye ufa, nikakitia ndani ya soksi. Mtaniuliza kwa nini nisichukue tu vipande vya gunia lililokuwa chini ya kitanda. Vile vya gunia vilikuwa bubu. Mama alikuwa hajavisemesha. Kipande kisichoambiwa kitu kingemwambia Baba nini?

Kesho yake baada ya shule nilichukua pimamaji chini ya kitanda, nikaenda hadi geti la Shosho, maana ndipo Baba angeanzia. Nikachimba kwa kijiko, nikashindilia kwa kisigino, nikakilaza kipande nikakipima. Nilikipima tena na tena mpaka tone la hewa likakaa katikati. Baba asingekubali kazi iliyopinda, hata kama ni ya kumwonyesha njia.

Jumapili zikaendelea. Stesheni ya mjini, kati ya mabehewa yenye kutu, nilisingizia choo. Kwenye bustani ya mashua nilisingizia choo tena. Mama akaanza kuwaambia wanawake wa kanisani kwamba mtoto wake ana kibofu kidogo, na mmoja akatuletea majani fulani ya kuchemsha. Niliyanywa. Yalikuwa machungu kuliko dhambi yenyewe. Juu ya lile jumba la mviringo, upepo ukitupeperusha, nilitafuta Satellite ile ndogo kama biskuti nikaikosa, nikamwonea Baba huruma upya. Ngong, kilimani, nilisema nimesahau sweta, na kweli nilikuwa nimeiacha makusudi palipokuwa na kipande.

Kila kipande nilikipeleka kwenye kona yake. Cha kwanza getini kwa Shosho. Cha pili penye kibanda cha mboga. Cha tatu kwenye ukuta wa kanisa moja lisilo letu, cha nne posho mill, pale wanaposaga unga, cha tano pale wanapouza maji, ukikata kushoto kuingia kwetu. Kilibaki kimoja tu, cha mlangoni. Nyumba zetu zilikuwa sita kwa mstari mmoja, milango yote ya mabati, yote ya bluu. Bila hicho cha mwisho kazi yote ilikuwa bure.

Jambo moja nililiona siku hizo bila kulielewa. Mama hakupita tena barabara ya Shosho. Kwenda kanisani kwetu, ng'ambo ya kwa Shosho, tulizunguka kwa nyuma, palipokuwa na matope, akiwa amevua viatu vyake vya kisigino amevishika mkononi. Nilidhani anaogopa mbwa. Shosho hakuwa na mbwa.

Jumapili baada ya Ngong, Mama alivua rinda la bluu mara tu tulipofika nyumbani, akaanza kusonga ugali. Nilikuwa bado nimevaa viatu.

"Leo tunaenda wapi?"

"Hatuendi mahali. Tumemaliza."

"Tumemaliza nini?"

"Mahali zote baba yako alisema atatupeleka. Zimeisha."

Nikageuka kuutazama mlango. "Na ya hapa? Hujaweka ya hapa mlangoni."

Mama akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kwani hapa ni kutembea? Nani anatembea kwake mwenyewe?"

"Basi turudi Arboretum! Kuna moja ilibaki huko!" Machozi yalikuwa yameshanishinda. "Mama, hawezi kujua mlango! Ametoka kwa Shosho vizuri, amefika posho mill, amefika kwa maji, sasa hapa si atakosa? Milango yote ni bluu!"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Nani amefika posho mill?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atafurahi. Nilidhani atasema pole, hukupaswa kufanya kazi peke yako. Uso wake ulibadilika nilipotaja twiga, na nilipofika Ngong kofi lilikuwa limeshanifikia.

"Zote? Hata ya Ngong? Haki wewe Nekesa! Nimezunguka hii Nairobi yote nikimtembeza baba yako, kumbe wewe unamrudisha nyuma!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba vile vipande havikuwa njia. Mama alikuwa anamtembeza, basi. Alikuwa anamlipia ahadi zake, moja moja, ili asiende nazo. Kila alipokishika kipande karibu na mdomo alikuwa akimwambia: tumefika kwa twiga, unawaona, tumefika juu, kuna upepo. Na mimi nilikuwa nimemnyang'anya Baba twiga, mashua na mlima, nikamwachia mti mmoja.

"Nionyeshe," Mama akasema. Akazima jiko, akavaa ndala, hakufunga hata kitambaa kichwani.

Nilimwongoza nikiwa nimeshika shavu. Pale wanapouza maji aliinama kuking'oa kipande, kucha zikakwaruza, kisitoke. Akakifuta matope kwa kidole gumba. Akalaza kiganja juu yake, akakaa hivyo kwa muda, watu wenye mitungi wakimzunguka.

"Nani amekuwekea hii?"

"Ni mimi."

"Umepima na nini?"

"Na ile ya Baba."

Hakukigusa tena. Posho mill alikitazama tu cha nne, mikono kiunoni. Ukutani kwa kanisa mwendo wake ulianza kupungua, na penye kibanda cha mboga akasimama kabisa, mpaka mwenye kibanda akamuuliza kama anataka sukuma ama amefika kuangalia tu.

"Nekesa. Hii inaenda kwa Shosho?"

"Si ndiyo nyumba anajua?" Nilikuwa nimechoka kulia, nikasema bila woga. "Mimi sitaki atembee. Nataka ajue tumehama. Hakuna mtu amemwambia."

Nilimwona Mama akitazama nyuma tulikotoka, kisha mbele, kama mtu anayetafuta njia ya matope na kuikosa.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kiti chake getini, anachambua maharagwe. "Ngai! Mama Nekesa, kumbe uko! Kila Sande nakuona kwa mbali unapitia huko nyuma na viatu kwa mkono. Nikasema labda nilikukosea."

"Hapana, Shosho. Si wewe."

"Na huyu wako alikuja kuchimba geti yangu. Nilitaka kumfukuza, nikaona ameweka ile chombo ya babake, analala chini kabisa aangalie. Nikasema wacha, huyu ako na kazi yake."

Mama akasimama pale, anafinya ncha ya leso. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana kama anaweza kuiona sakafu.

Wapangaji wapya walikuwa kijana na mke wake, na mtoto anayetambaa. Walikuwa wametandika kapeti ya plastiki yenye maua. Yule mwanamke alisikia shida yetu nusu tu, akaanza kukunja kapeti kutoka mlangoni. "Tuliweka juu ya baridi, mtoto asikohoe. Lakini hii sakafu ni poa sana, mama. Wageni wakikuja lazima tuwaonyeshe."

Ilikuwa vile vile. Choo cha Karen, wakili, benki. Mama alipiga magoti juu ya benki, mbele ya watu, akaweka viganja viwili chini. Sikuwahi kumsikia akisema na Baba kwa sauti. Siku hiyo kila mtu alisikia.

"Baba Nekesa, hapa hatuko tena. Nilikwambia nitakaa, na nikatoka. Kodi ilinishinda. Nilikuambia ya twiga, nikakuambia ya Ngong, lakini hii nilishindwa kukuambia. Niliona haya." Shosho alivua miwani, Mama akakipapasa kigae. "Sasa skiza. Ukitoka hapa kwa geti, shika mkono wa kulia. Utaona mama wa mboga. Pita kanisa, fika posho mill, usivuke barabara. Kwa maji kata kushoto. Ni mlango wa tatu."

Nilikuwa nafuata kwa kidole, kona kwa kona. Hakuacha hata moja. Moyo wangu ulikuwa unaruka, maana sasa ilikuwa imekwisha, Baba alikuwa ameambiwa, angeweza kufika hata jioni hiyo hiyo.

Mama akavuta pumzi. "Si eti uje," akasema. "Ni ujue tu."

Nilimtazama. Alikuwa bado ameinama, machozi yanadondoka juu ya kigae cheusi, na sakafu ilikuwa sawa kiasi kwamba yalitulia pale pale yalipoanguka. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kujua nyumba na asije. Hilo liliniuma kuliko kofi, kuliko hata siku ya kaburi, kwa sababu kaburini nilikuwa bado na mpango. Nikaenda nikakaa karibu na Mama, juu ya Karen, nikalia mpaka yule mtoto wa wenyewe naye akaanza kulia.

Hatukuving'oa vile vitano. Jioni Mama alimwaga gunia lote chini, akaniambia nichague. Nilichagua kijani, ndugu wa kile cha choo cha mzungu. Tukakiweka mlangoni, upande wa nje wa kizingiti, mimi nikipima, yeye akishika mshumaa ijapokuwa hapakuwa na giza bado.

Mama siku hizi yuko Kimilili, analima, na analalamika kuhusu kuku wa jirani. Jioni ile ya fundi nilimpigia simu kumwambia jikoni kumependeza. Akasikiliza habari za rangi na bei, akasema vizuri, vizuri. Kisha akauliza, "Na umehamia hapo lini?"

"Mwezi jana."

"Umemwambia baba yako?"

Nikakohoa kidogo. Mimi mtu mzima, nina funguo zangu na kitambulisho.

"Nekesa."

"Bado, Mama."

"Sasa unangoja nini?"

Jumamosi nilikwenda Satellite na kipande kimoja kutoka kwenye ndoo ya fundi. Shosho alishatangulia mbele ya haki, na ploti yake ni gorofa ndefu yenye nguo kwenye kila baraza. Sakafu ya Baba iko chini ya hayo yote, au ilizolewa na kifusi, sijui. Geti si lile. Kibanda cha mboga ni duka la simu. Ukuta wa kanisa wameujenga upya. Nilitembea nikitazama chini kama mtu aliyeangusha pete, vijana wa bodaboda wakiniuliza, "Auntie, umepoteza nini?" Posho mill bado inasaga. Na pale pembeni yake, ambapo lami iliishia bila kufika ukutani, palikuwa na kile kigae changu cha nne, pembe moja imevunjika, kimekaa ardhini bila kupinda.

Nikachuchumaa. Nilitoa kile changu mkobani, nikakifuta kwa ncha ya skafu, nikakishika karibu kabisa na mdomo ili watu wa bodaboda wasisikie.

"Baba," nikasema, "tumehama tena. Ukitoka hapa posho mill, sasa unavuka barabara."